Kunyoosha meno ukubwani: ubishoo tu au kuna faida ya afya?

Haya wadau, leo tuongee meno. Siku hizi mjini utakutana na watu wazima kabisa, wana kazi zao na watoto wao, wamevaa waya menoni. Na maneno hayakosekani, "umri wote huo bado anatafuta urembo?" Wengine wanasema ukishavuka miaka 18 meno hayasogei tena, ukienda utaliwa hela bure. Wengine nao wanasema ukishayanyoosha basi hayataoza tena maisha yako yote. Pande zote mbili wanatudanganya, hebu tuchambue taratibu.

MENO YA MTU MZIMA YANASOGEA KWELI?

Yanasogea. Jino halikujengewa kwenye taya kama nondo kwenye zege. Kati ya mzizi wa jino na mfupa kuna nyuzi nyembamba sana zinazolishika. Ukilisukuma jino kwa nguvu ndogo ndogo bila kuacha, upande unaobanwa kuna chembe hai zinaula mfupa kidogo kidogo, na upande ule jino linakotoka chembe nyingine zinajenga mfupa mpya. Jino linahama kama milimita 1 kwa mwezi. Ndio maana kazi nzima mara nyingi inachukua mwaka na nusu mpaka miwili. Mtu akikwambia atakunyooshea kwa wiki mbili, huyo kimbia.

Tofauti ya mtoto na mtu mzima ipo kwenye taya. Mtoto bado anakua, kwa hiyo daktari anaweza kuliongoza taya linavyokua. Wewe wa miaka 25 au 40 taya limeshamaliza. Kama tatizo ni meno kupandana, waya zinatosha. Kama ni taya lenyewe limezidi mbele au limerudi nyuma sana, huenda ukaambiwa habari ya upasuaji.

Na hili sio jambo la jana. Mfaransa Pierre Fauchard alishaandika habari za kunyoosha meno kwenye kitabu chake cha mwaka 1728. Mwaka 1899 Mmarekani Edward Angle akapanga makundi ya namna meno ya juu na ya chini yanavyokutana vibaya, na madaktari wanayatumia mpaka leo. Vile vifuniko vya plastiki visivyoonekana, Invisalign, ni vya kampuni iliyoanzishwa mwaka 1997.

FAIDA ZENYEWE

1. Usafi. Meno yaliyopandana yana vichochoro ambavyo mswaki haufiki. Ukoga unakaa humo, baadae unakuwa mgumu kama chokaa, fizi zinavimba na kutoka damu. Yakipangwa, mswaki na uzi wa meno vinapita bila shida.

2. Kutafuna. Kuna watu meno yao ya juu yanashuka mpaka yanauma ufizi wa chini, au jino moja linabeba mzigo wote mpaka linasagika. Hilo likirekebishwa meno yanagawana kazi.

3. Kuvunjika. Meno ya mbele yaliyotokeza sana ndio yanayotangulia kugonga lami ukianguka na bodaboda, au kupigwa kiwiko uwanjani.

4. Pengo. Hii watu wengi hawaijui. Sisi tukiumwa gego tunakimbilia kung'oa, halafu tunasahau. Lile la nyuma yake linaanza kulala kuelekea kwenye pengo, na la juu linaanza kushuka. Baada ya miaka unataka kuweka jino bandia, nafasi hakuna. Waya zinaweza kulisimamisha lile lililolala kwanza ndio jino bandia likae sawa.

TUSIDANGANYANE

Sasa sikia na upande wa pili. Mwaka 2019 watafiti wa Chuo Kikuu cha Adelaide, Australia, walitoa matokeo ya watu 448 waliofuatiliwa toka wana miaka 13 mpaka 30. Waliokuwa wamenyooshwa meno hawakuwa na afadhali kwenye kuoza kuliko ambao hawakunyooshwa. Maana yake ni kwamba kunyoosha kunakurahisishia kusafisha, ila hakukusafishii. Mtu mwenye meno ya kupandana anayepiga mswaki mara mbili kwa siku kwa dawa yenye floridi anaweza kukaa nayo mpaka uzeeni. Na mwenye meno yaliyopangika kama kibodi, akilala bila kupiga mswaki, yataoza tu.

Kwa hiyo kabla hujauza simu au kuvunja kibubu, jiulize: meno haya yananisumbua nini? Kama fizi zinatoka damu pale pale yalipobanana, au huwezi kung'ata chakula, una sababu ya afya. Kama ni mwonekano tu, napo sio dhambi, pesa ni yako, ila usiambiwe ni ugonjwa. Mwanya kwa mfano, huku kwetu ni pambo. Kama fizi zake ni nzima, hakuna haja ya kuuziba eti kwa sababu umeona mastaa wa nje hawana.

YA HUKU KWETU

Kuna mambo mawili hutayakuta kwenye tovuti za Ulaya. La kwanza ni "meno ya plastiki". Mtoto mchanga akiharisha au akipata homa, baadhi ya watu wanamkata ufizi na kumtoa vijino ambavyo bado havijaota, wakiamini ndio ugonjwa. Mbali na damu na maambukizi yanayoweza kumuua mtoto, huko ndani kuna chanzo cha jino la ukubwani, na likijeruhiwa chonge linakuja kuota pembeni, linakuwa na umbo baya au halioti kabisa. Mtu anakuja kulipia akiwa mkubwa kosa alilofanyiwa na miezi kadhaa.

La pili ni meno ya kahawia. Wenyeji wa baadhi ya sehemu za Arusha na Kilimanjaro mnayajua, yanatokana na floridi nyingi kwenye maji. Waya haziondoi rangi hiyo, na kwenye meno yaliyoathirika sana gundi inashika vibaya, vile vibati vinabanduka banduka. Mwambie daktari mapema umekulia wapi.

TAHADHARI KABLA HUJAANZA

- Fizi zitibiwe kwanza. Kusogeza jino lenye fizi mbovu ni kuliharakishia kung'oka.
- Ukiwa na waya usafi unatakiwa uongezeke. Ukizembea, siku zikitolewa utakuta madoa meupe kuzunguka pale vilipokaa vibati.
- Miwa, mahindi ya kuchoma, kashata, kokwa za ubuyu na kutafuna mifupa, hivyo vyote viage kwa muda.
- Mizizi ya meno inaweza kupungua urefu kidogo. Omba picha ya eksirei kabla ya kuanza.
- Usijifunge mpira wa kufungia hela menoni kama unavyoona kwenye video. Unapanda taratibu chini ya ufizi mpaka kwenye mzizi, na watu wamepoteza meno mazima kabisa.
- Waya za fasheni zinazobandikwa saluni hazinyooshi kitu. Hazina mpango wowote nyuma yake.
- Zikitolewa kazi haijaisha. Kuna kifaa cha kuyashikilia, wanakiita riteina, na usipokivaa meno yanarudi yalikotoka.

Mabingwa wa kunyoosha meno bado ni wachache na wengi wako miji mikubwa. Hapa Tanzania, Muhimbili kuna chuo kinachofundisha udaktari wa meno, kwa hiyo ni pa kuanzia kuulizia. Ukifika uliza gharama yote mpaka mwisho, sio ya siku ya kwanza tu, maana kila mwezi utakuwa unarudi kurekebishwa, na nauli nayo ni hela.

Wenye uzoefu mwageni hapo chini: wangapi mmevaa ukubwani, na fizi zinasemaje? Nawasilisha.