Mikunjo ya Karatasi: Kazi ya Majira kwa Wanachama Wazee

Tangu Daraja la J. P. Magufuli lilipofunguliwa tarehe 19 Juni 2025, gari huvuka kutoka Kigongo wilayani Misungwi hadi Busisi wilayani Sengerema kwa dakika chache tu. Kabla ya hapo abiria walisubiri kivuko, na katika kusubiri huko walinunua ndizi, samaki, mahindi ya kuchoma na karanga zilizofungwa katika karatasi yenye umbo la pia. Daraja limeondoa adha kubwa ya safari, na hakuna mwenye akili timamu anayetamani foleni ile irudi. Lakini soko la mnunuzi aliyelazimika kusimama limekwisha, na biashara ndogo ndogo zilizomtegemea hazina budi kutafuta mnunuzi mwingine.

Swali hilo linavihusu vyama vya msingi kuliko inavyodhaniwa. Katika daftari la wanachama wa karibu kila chama cha pamba yamo majina ya wazee ambao bado wana hisa zao, wanahudhuria mkutano mkuu na kupiga kura, lakini hawaleti kitu mizanini. Jembe limewashinda. Mwanachama asiyeleta zao hapati malipo, na asiyepata malipo huanza kuonekana mgeni katika chama alichokijenga mwenyewe. Kukunja karatasi ni mojawapo ya kazi chache zinazoweza kumrudisha mizanini, iwapo chama kitaichukulia kuwa zao kamili na si mchezo wa kuwapumbaza wazee.

Ufundi wenyewe una heshima yake duniani. Wajapani huuita origami, neno linalotokana na maneno yao mawili, kukunja na karatasi. Bingwa wao Akira Yoshizawa, aliyeishi kuanzia mwaka 1911 hadi 2005, ndiye aliyeweka utaratibu wa kuchora kila mkunjo kwa mistari ya vipande na mishale, hata mtu asiyejua lugha ya kitabu aweze kuufuata kwa macho. Jambo hilo lina faida kwa mzee ambaye hakupata kusoma. Huko Japani mikunjo hufuata majira: kofia za kivita za karatasi hukunjwa kwa sikukuu ya watoto ya tarehe 5 Mei, na nyumba za kutunzia wazee huitumia kazi hiyo kuvipa vidole na akili mazoezi. Wao hukunja korongo na maua. Kwa mazingira ya Kigongo, korongo wa karatasi hana mnunuzi. Mfuko wa karatasi anaye.

Mnunuzi huyo aliletwa na sheria. Tarehe 1 Juni 2019 Serikali ilipiga marufuku mifuko ya plastiki ya kubebea bidhaa Tanzania Bara. Duka la dawa, mwuza mikate na mwuza dagaa wakavu wote wanahitaji kitu cha kumfungia mteja, na mahitaji hayo hayakutegemea kivuko wala hayategemei daraja.

Kazi hii ina majira yake kama pamba. Mwezi Januari shule zinapofunguliwa, wazazi hutafuta karatasi za kaki za kuvisha majalada ya madaftari. Mzee anayekunja jalada lililo tayari, lenye mifuko miwili ya kuingizia gamba la daftari, ameuza kabla gundi haijahitajika. Masika yanapokuja, karatasi hunyonya unyevu na gundi hukawia kukauka, kwa hiyo miezi hiyo inafaa kwa vitu visivyo na gundi kama pia za karanga, ambazo soko lake huja mara baada ya masika, karanga zinapovunwa. Kiangazi cha Juni hadi Septemba ndicho kipindi cha mifuko. Hewa ni kavu, gundi hushika, na wakati huo huo msimu wa ununuzi wa pamba umeweka fedha mikononi mwa watu. Maonyesho ya Nanenane ya Nyamhongolo, jijini Mwanza, huangukia katikati ya kipindi hicho. Mwishoni mwa mwaka hubaki nyota na mapambo ya Krismasi, ambayo huuzwa kwa wiki chache tu na yasikunjwe kupita kiasi.

Mfuko wa kawaida hufanywa hivi. Huchukuliwa kipande cha kaki chenye urefu wa sentimeta 40 na upana wa sentimeta 30, kikalazwa kwa urefu mbele ya mkunjaji. Ncha ya kulia na ya kushoto huletwa katikati zipandane kwa sentimeta 2, kisha hugundishwa. Hapo hupatikana bomba bapa lenye upana wa sentimeta 19. Upande wa chini hukunjwa kwenda juu kwa sentimeta 8. Mkunjo huo hufunguliwa kama mdomo, na pembe zake mbili hulazwa ziwe pembetatu. Baada ya hapo ubavu wa juu na wa chini hukunjwa kuelekea katikati, vikipandana kwa sentimeta 1, na kugundishwa. Kitako hutoka na upana wa sentimeta 7 na nusu, na mfuko husimama wenyewe. Karatasi moja kubwa ya sentimeta 80 kwa 60 hutoa vipande vinne, hivyo mifuko 100 huhitaji karatasi 25 tu. Gundi ni uji mzito wa unga wa muhogo uliopikwa ukaiva, mbichi haishiki. Mifuko ihifadhiwe mbali na panya, kwani gundi hiyo kwao ni chakula.

Wazee hawalingani, na katibu asiwapange kana kwamba wote ni sawa. Mwenye vidole vilivyokakamaa asilazimishwe kubana mkunjo kwa ukucha. Mgongo wa kijiko hufanya kazi hiyo vizuri zaidi. Asubuhi na mapema viungo huwa vigumu, hivyo ni bora kuanza jua likishapanda. Mwenye mtoto wa jicho hawezi kusoma rula, lakini akipewa kipimo kilichokatwa kwa ubao mwembamba hukunja kwa kupapasa tu, na mara nyingi kwa usahihi usiopungua wa mwenye macho. Kikundi kigawane kazi, mmoja akate, mwingine akunje, wa tatu agundishe. Mazungumzo yanayokwenda sambamba na kazi hiyo ni sehemu ya faida yake, ingawa hayaingii katika mahesabu.

Karatasi ya kufungia chakula iwe safi. Karatasi za mifuko ya saruji zina vumbi lisilofaa kuliwa, na wino wa magazeti hushika kwenye andazi lenye mafuta. Zifae kwa misumari, sabuni na vitu vya namna hiyo. Na hapa makatibu wanapaswa kuwa macho: karatasi za bure zilizo karibu zaidi na chama ni zile za kabatini mwa ofisi. Stakabadhi za pamba na daftari la hisa, hata kama vimechakaa, ni ushahidi wa mali za watu. Si mara moja mteja amefungua karanga zake akakuta jina la mtu na deni lake.

Mtaji ndio kikwazo. Katika asilimia 10 ya mapato ya ndani ambayo halmashauri hutenga kwa mikopo ya vikundi, asilimia 4 ni ya wanawake, 4 ya vijana na 2 ya watu wenye ulemavu. Sera ya Taifa ya Wazee ya mwaka 2003 humtambua mzee kuwa mtu mwenye umri wa miaka 60 na kuendelea, lakini katika fungu hilo mzee hakutengewa lake. Bibi anaweza kuingia kwa njia ya kikundi cha wanawake, babu asiye na ulemavu hana mlango. Kwa sababu hiyo chama chenyewe ndicho cha kununua karatasi za mwanzo. Jambo hilo lipelekwe mkutano mkuu, na masharti ya chama yasomwe kwanza. Iwapo hayaruhusu biashara ya aina hii, yarekebishwe na kusajiliwa na Mrajis kwa mujibu wa Sheria ya Vyama vya Ushirika Na. 6 ya mwaka 2013, kabla ya senti moja kutoka.

Mifuko ipokewe kwa kuhesabiwa katika mafungu ya 100, mibovu ikitengwa mbele ya mwenyewe na kuelezwa kasoro yake. Mzee alipwe siku hiyo hiyo, mkononi mwake mwenyewe, si kwa mwana wala mjukuu aliyetumwa, isipokuwa awe ametoa idhini mbele ya mjumbe wa bodi. Asiyejua kuandika aweke dole gumba, na nakala ya stakabadhi aondoke nayo.