Kifungo cha Sare Kinapofukuliwa

Mkulima alimapo shamba, au fundi achimbapo msingi wa nyumba, huenda akaokota kifungo cha shaba kilichoota kutu ya kijani. Wengi hukisugua kwa mchanga hadi king'ae, kisha wakampa mtoto akichezee. Kumbe wamefuta ushahidi, kwani kifungo cha sare huweza kueleza ni askari wa jeshi gani aliyepita mahali hapo, na katika zama zipi.

Mfano mkubwa ulitokea Vilnius, mji mkuu wa Lithuania. Mwishoni mwa mwaka 2001 wajenzi walifukua kaburi la pamoja katika kambi ya zamani ya jeshi la Urusi ya Kisovieti, nalo lilikuwa na mifupa ya watu zaidi ya 3,000. Mwanzoni ilidhaniwa kwamba watu hao waliuawa katika karne ya 20, ama na majeshi ya Hitler, ama na polisi wa siri wa Kisovieti. Vifungo na sarafu ndivyo vilivyokata shauri. Vifungo vilikuwa na namba za rejimenti za Napoleon wa Ufaransa, ambaye jeshi lake lilirudi nyuma kutoka Moscow mwaka 1812, likateketea kwa baridi, njaa na maradhi. Mwaka 2003 mabaki hayo yalizikwa kwa heshima katika makaburi ya Antakalnis.

Mchunguzi wa kifungo hutazama kwanza madini na alama ya mbele. Katika jeshi la Uingereza, amri ya mwaka 1767 iliitaka kila rejimenti ya miguu iweke namba yake juu ya vifungo. Askari wa kawaida walivaa vifungo vya bati lililochanganywa na risasi hadi mwaka 1855, ndipo vikaja vya shaba ya manjano. Mwaka 1871 namba hizo ziliondolewa kwao, ikawekwa nembo ya kifalme.

Kisha hutazamwa taji. Jambo hili lahusu Afrika Mashariki, kwa kuwa jeshi la King's African Rifles, lililojulikana kwa jina la Keya, liliundwa mwaka 1902. Taji la wafalme wa Uingereza wa tangu enzi hizo hadi mwaka 1952 lina matao yaliyoinuka kama kuba. Taji la Malkia Elizabeth II limebonyea katikati. Hata hivyo, Mfalme Charles III alilirudisha taji la kuba mwaka 2022. Kwa hiyo alama moja haitoshi. Yafaa kugeuza upande wa nyuma, ambako mara nyingi huandikwa jina la kiwanda na mji wake.

Tena ikumbukwe kwamba alama huonyesha mwaka ambao kifungo kilianza kutengenezwa, si siku kilipoanguka. Sare ya zamani huweza kuvaliwa na mtu mwingine kwa miaka mingi.

Basi aokotaye kifungo asikisugue. Aondoe udongo kwa brashi laini, aandike mahali na kina alipokikuta, kisha akipeleke kwenye jumba la makumbusho. Akiona mifupa, risasi au bomu, asiguse kitu. Awaondoe watoto, na atoe taarifa polisi mara moja. Huenda hapo amelala askari ambaye jamaa zake hawakuambiwa kamwe alikozikwa.