Zaburi za Watu Waliosahau

Katika mgawo wa zamani wa Kianglikana, ambao Zaburi zote 150 humalizwa kwa siku 30, jioni ya tarehe 15 imepewa zaburi moja tu, ya 78. Ina mistari 72, na anayeisoma kwa sauti hutamani kupumzika kabla hajafika nusu. Tarehe 21 asubuhi huja ya 105, na jioni ya 106. Zote tatu zinasimulia historia ya Israeli, lakini ya 78 na ya 106 zinafanya jambo ambalo nyimbo za taifa hazilifanyi mara nyingi: zinawaumbua mababu.

Zaburi ya 78, ambayo kichwa chake kinamtaja Asafu, inaanza kwa kuahidi kwamba yaliyosikiwa kutoka kwa baba hayatafichwa watoto. Kwetu kusini mwa Tanzania ahadi hiyo haihitaji maelezo marefu. Jando na unyago wa Wamakonde, Wamakua na Wayao ni shule ya kupokezana ya namna hiyo. Vincent Lucas, askofu wa kwanza wa Dayosisi ya Masasi (1926 hadi 1944), aliliona hilo mapema. Badala ya kulipiga jando marufuku, alilipa nafasi ndani ya Kanisa, likawa na sala na mafundisho ya Kikristo. Tofauti iko kwenye kinachofundishwa. Jandoni kijana anaelekezwa wajibu wake, heshima kwa wakubwa, jinsi mtu mzima anavyojichukulia. Asafu anataka kijana aelezwe, tena kwa kuimbiwa, jinsi babu yake alivyokosa shukrani. Sijui ni mzee gani hapa kwetu angekubali somo hilo litangulie.

Kusahau kunakosemwa humo hakufanani na kwa bibi kikongwe anayetafuta ufunguo alioushika mkononi. Watu wa Zaburi ya 78 wanakumbuka vizuri kwamba mwamba ulipigwa na maji yakatoka. Wanalisema wenyewe, kisha papo hapo wanauliza kama huyo aliyetoa maji ataweza kutoa na nyama. Wamelihifadhi tukio na kulipoteza lile lililopaswa kufuata, yaani kumtegemea aliyelifanya. Kware wanakuja wengi kama mchanga wa pwani, na watu wanakula mpaka wanashiba. Hasira inawakuta chakula kikiwa bado mdomoni.

Halafu wanatubu. Hapo ndipo zaburi inapokuwa kali kuliko mahubiri mengi niliyoyasikia, maana inaikataa toba hiyo waziwazi: walimsifu kwa midomo huku ndimi zao zikidanganya na mioyo ikiyumba. Msomaji anangoja adhabu. Badala yake, mstari wa 38 unasema kwamba Mungu alikuwa mwenye rehema, akasamehe, akaizuia hasira yake mara nyingi. Sababu imetajwa katika mstari wa 39, na uzuri wa watu hao haumo. Alikumbuka kuwa wao ni mwili tu, upepo unaopita na usiorudi.

Kuna jambo la hesabu hapa linalonifurahisha. Marabi wa Talmud walisema kuwa mstari huo wa 38 ndio katikati ya kitabu chote cha Zaburi. Wamasoreti, wanakili waliohesabu kila mstari na kila herufi, waliiweka katikati kwenye mstari wa 36, ule wa uongo wa mdomoni. Mistari miwili tu imetenganisha hesabu hizo. Kwa marabi kitovu cha Zaburi ni rehema. Kwa Wamasoreti ni watu wanaomdanganya Mungu wakiwa katika sala. Sioni haja ya kuchagua. Rehema ya mstari wa 38 haina uzito wowote kwa mtu aliyeuruka wa 36.

Hata hivyo zaburi hii si safi kama inavyodai. Lawama yake ina anwani. Mapema inawataja wana wa Efraimu, wapiga mishale waliogeuka nyuma siku ya vita, na karibu na mwisho inatangaza kwamba hema la Shilo liliachwa, kabila la Efraimu halikuchaguliwa, na uchaguzi ukaangukia Yuda, Mlima Sayuni na Daudi. Efraimu ni kabila kubwa la ufalme wa kaskazini, ambao mji wake mkuu, Samaria, uliangushwa na Waashuru karibu mwaka 722 KK. Wataalamu wanabishana kama zaburi ilitungwa kabla ya anguko hilo au baadaye. Vyovyote iwavyo, mwimbaji ni mtu wa kusini anayewanyooshea kidole watu wa kaskazini. Baba zetu walisahau, sawa. Ila waliosahau kupita wote ni wale jirani zetu.

Zaburi ya 106 haina tena jirani wa kumsingizia. Yerusalemu yenyewe ilianguka mwaka 586 KK, hekalu likachomwa, na watu wa Yuda wakapelekwa Babeli. Karibu na mwisho zaburi inaomba watu wakusanywe kutoka kwa mataifa, na hiyo ndiyo sababu wengi huihesabu kuwa ya wakati wa uhamisho au baada yake. Muda si mrefu baada ya kuanza inakiri: tumekosa sisi, pamoja na baba zetu. Kisha inapanga makosa moja baada ya jingine: manung'uniko kwenye Bahari ya Shamu, uroho wa jangwani, Dathani na Abiramu waliomezwa na ardhi, ndama wa Horebu, nchi njema waliyoidharau, Baal-Peori, maji ya Meriba, na mwisho kabisa watoto waliotolewa kafara. Neno la kusahau linarudi na kurudi. Zaburi iliyotangulia, ya 105, inapita njia ileile ya Misri na jangwa bila kutaja kosa hata moja la Israeli, na karibu na mwanzo wake inasema kuwa Mungu analikumbuka agano lake milele. Ya 106 inaliokota agano hilo kuelekea mwisho, baada ya orodha nzima ya aibu: watu hawakukumbuka, yeye akakumbuka kwa ajili yao. Hata waliowateka wakaingiwa na huruma.

Zaburi inayoombwa na mateka ina wasomaji wake kusini mwa Tanzania. Mwaka 1876 Askofu Edward Steere wa UMCA, misheni ya Kianglikana, aliondoka Unguja na kundi la watu waliookolewa utumwani, zaidi ya 50, wakashukia Lindi na kutembea kwa miguu kuelekea bara. Lengo lilikuwa kuwarudisha karibu na Ziwa Nyasa walikotoka wengi wao. Walipofika chini ya vilima vya Masasi wakaona patawafaa, wakabaki. Zaburi kwa Kiswahili zilikuwepo tayari: tafsiri ya Steere ilikuwa imechapwa mwaka 1871. Mwaka 1882 Wamagwangwara, wapiganaji wa Kingoni, waliivamia Masasi, wakachoma nyumba na kuchukua watu, na baadhi ya waliokuwa wamekombolewa mara moja wakahitaji kukombolewa mara ya pili.

Watu kama hao unaweza kuwapa Zaburi ya 106 kwa njia mbili. Ukiwaambia kwamba walitekwa kwa sababu baba zao walimsahau Mungu, umeirudisha kwenye kidole cha Zaburi ya 78, na umewaongezea mzigo waliokwisha kuubeba kutoka bara hadi pwani. Ukiwaachia waisome wenyewe, watakutana na Mungu anayesikia kilio cha waliotekwa hata pale ambapo sifa zao hazitoshi. Maungamo ni haki ya mwenye kosa peke yake. Mhubiri anayeyageuza kuwa mashtaka dhidi ya wasikilizaji anaimba zaburi nyingine, hata kama namba ni ileile.

Mtoto wa madrasa wa Mikindani au Msimbati naye anaijua mana, chakula cha Israeli jangwani, na salwa pia, yaani wale kware, kutoka Surat al-Baqara, na anajua kuwa Zaburi ni kitabu cha Nabii Daudi. Katika sura hiyohiyo Bani Israil wanaitwa zaidi ya mara moja waikumbuke neema waliyopewa. Huko anayeita ni Mola. Katika Zaburi ya 106 wito umekwisha kufika, na anayesikika ni yule aliyeitwa, akijibu kwa kuchelewa sana.

Baada yake inakuja ya 107, na hiyo ni zaburi ya pwani. Inataja makundi manne yaliyookolewa: waliopotea jangwani, wafungwa, wagonjwa, na mabaharia wanaopandishwa na mawimbi na kushushwa, wakiyumba kama walevi, mpaka bahari inatulia na wanafika bandarini. Mvuvi wa mdomo wa Ruvuma anayeijua kusi hahitaji mfafanuzi. Tarehe 25 Aprili 2019, watu wa pwani ya Mtwara wakiwa wameshaambiwa wahamie sehemu salama, Kimbunga Kenneth kilipita kusini mwetu na kuingia Cabo Delgado, kikaua zaidi ya watu 40 nchini Msumbiji. Siku zile ndipo wengi wa rika langu tuliposikia kwa mara ya kwanza kwamba kimbunga kiliwahi kuipiga Lindi, Aprili 1952. Habari ya miaka 67 tu, na ilikuwa imeshatutoka.

Ilikuwa rahisi siku zile kusema Mungu ametuhurumia sisi. Lakini Wamakonde wa Newala wana ndugu Mueda, ng'ambo ya Ruvuma, na huruma inayoishia katikati ya mto ni shida kuieleza msibani. Zaburi ya 107 ina uangalifu ambao sisi tuliukosa. Wafungwa na wagonjwa wake wanatajiwa makosa yao. Waliopotea jangwani hawatajiwi kosa lolote, wala mabaharia. Dhoruba inawakuta wakiwa kazini. Kinachotakiwa kwa kila kundi ni kimoja, washukuru kwa kuokolewa, na mabaharia wanaongezewa mahali pa kufanyia hivyo: katika kusanyiko la watu, na kwenye baraza la wazee.