Kifaranga Aliyemeza Mbolea

Huko Mponde, katika milima ya Usambara, kuku wa kienyeji hudonoa kando ya mashamba ya chai. Kuku hana meno; humeza changarawe, nazo husaga chakula ndani ya firigisi. Kwa hiyo kifaranga huweza kudhani chembe za mbolea ya chumvichumvi ni changarawe, akazimeza na kudhurika.

Mfugaji amwondoe hapo mara moja, amweke penye joto na kumpa maji safi anywe mwenyewe. Asimmiminie mafuta wala maziwa mdomoni, wala asilikamue gole, yaani mfuko wa chakula shingoni: umajimaji huweza kuingia katika njia ya pumzi ukamuua. Kisha amwite bwana mifugo, amwonyeshe mfuko wa mbolea. Kinga iliyo bora ni kuzoa kila chembe iliyomwagika.