Mafuta yakiisha, Roho anaondoka?

"Baba Mchungaji, haya mafuta ya upako yakiisha, na Roho naye anaondoka?" Aliyeuliza Jumapili iliyopita ni mama wa ushirika wetu, chupa mkononi. Kabla yake alikuwa kijana wa bodaboda, akitaka kujua apake kwenye tairi au kwenye usukani. Nimechoka kulijibu swali hili kwa upole.

Sikilizeni Kiswahili chenyewe. Roho ya mtu inauma, inatulia, inamtoka. Lakini Roho Mtakatifu anashuka, anafundisha, anahuzunishwa. Watafsiri wa Biblia walimweka katika ngeli ya watu kwa sababu ana nafsi: husemeshwa, hutiiwa. Maandiko husema pia amemiminwa, kweli, ila anayemimina ni Mungu, na hatozi bei. Katika Matendo 8, Simoni mchawi wa Samaria alitaka kuununua uwezo wa kuwapa watu Roho. Petro alimkemea yeye pamoja na fedha zake.

Mtaniambia Yakobo 5 inataja mafuta. Isomeni yote. Mgonjwa anawaita wazee wa kanisa, wanamwombea na kumpaka. Kinachomwokoa ni kuomba kwa imani. Hakuna chupa ya kwenda nayo nyumbani, hakuna anayelipa.

Tarehe 1 Februari 2020, mjini Moshi, watu 20 walikufa kwa kukanyagana uwanjani, wakigombea kukanyaga mafuta ya upako. Walikuwa na shida za kweli, nao walistahili kufundishwa vizuri zaidi. Hilo linaniuma mpaka leo.

Wazee wetu wa uamsho, ule uliowaka Gahini, Rwanda, miaka ya 1930 ukaenea Uganda, Tanganyika na Kenya, walitambulika kwa kuungama hadharani na kurudisha walichoiba. Mwenye mali aliyerudishiwa mbuzi wake hakuhitaji kuelezwa Roho anafanya nini.

Basi: unaumwa, nenda hospitali na uombewe, hayo hayagombani. Una deni, panga kulilipa. Umekosa maneno ya kuomba, Warumi 8 inasema Roho mwenyewe anakuombea. Ukiambiwa "Roho amenionyesha", pima kwa Maandiko, kisha waulize waumini wakomavu wasiofaidika na jambo hilo. Ukiuziwa, usinunue.

Yule mama nilimwuliza kama yeye na wifi yake wameanza kusalimiana. Akanyamaza. Nikamwomba aanzie hapo, jioni ileile.