Dhahabu Isichomwe Jikoni

Mama mpendwa, unakikumbuka kipimajoto cha kioo tulichomwekea mtoto kwapani anapochemka? Zebaki iliyomo hutanuka kwa joto la mwili, ikapanda, ikipoa, husinyaa.

Zebaki hiyohiyo wachimbaji wadogo wa Geita na Shinyanga huitumia kunasia dhahabu, kisha huichoma motoni. Hapo haiishii kutanuka. Joto likifika nyuzi 357 za Sentigredi, huchemka na kuwa mvuke usioonekana. Mvuke ukipoa, hutua ukutani, kwenye sufuria na nguo. Ukivutwa, huingia mapafuni. Kwa mama mjamzito humfikia mtoto tumboni na kudhuru ubongo wake.

Basi jiko la ugali lisichomewe dhahabu kamwe. Mweleze baba watoto kwa upole, lakini usikubali.