Lami inazeeka hata bila makamyo: chokaa inaweza kusaidia nini?

Barabara ikitoka kutiwa lami inakuwa nyeusi na laini. Kiisha miaka michache inageuka kijivu, nyufa ndogo zinatokea, maji ya mvua yanaingia, na mashimo yanaanza. Wakaaji wengi wanasema sababu ni makamyo yanayobeba kupita kiasi, na hawadanganyi. Lakini kuna ugonjwa mwingine unaoanza hata mbele ya kamyo ya kwanza kupita: lami inazeeka yenyewe.

Ile watu wanaita gudroni ni mchanganyiko. Kwa kilo 100, karibu kilo 95 ni mawe yaliyosagwa na mchanga. Karibu kilo 5 tu ni bitumi, gundi nyeusi inayobaki kiwandani wakati petroli ghafi imekwisha kutolewa esanse na mazuti. Kilo hizo 5 njo zinashika zingine zote.

Sasa, bitumi ni jamaa ya mafuta, na mafuta yanaogopa hewa. Mama anayeacha mafuta ya ngazi wazi muda mrefu anajua: harufu inabadilika, yanachacha. Oksijeni ya hewani imeyaingia. Bitumi nayo inaingiwa na oksijeni, ila yenyewe inakuwa ngumu. Gundi iliyokuwa inajikunja chini ya tairi na kurudi, sasa inapasuka.

Uharibifu wa haraka zaidi unafanyika siku ya kwanza, kwenye mtambo. Bitumi inachanganywa na mawe ya moto, karibu digrii 150 hadi 160, na inayapaka kwa utando mwembamba sana. Moto mwingi, utando mwembamba, hewa pande zote: kwa oksijeni hiyo ni karamu. Kazi inayobaki inafanyika polepole barabarani, miaka na miaka, jua likisaidia. Ili wasingoje miaka yote hiyo, wainjinia wanaweka bitumi ndani ya chombo chenye hewa iliyogandamizwa karibu mara 20 kuliko ya kawaida, kwa joto la digrii 100 hivi, saa 20. Ikitoka, inafanana na ile iliyokaa barabarani miaka kadhaa.

Njo maana watafiti wanatafuta dawa za kuzuia oksijeni, sawa zile zinazotiwa ndani ya mipira ya tairi au mafuta ya kupikia ya kiwandani. Wamejaribu vitamini E. Wamejaribu lignini, kitu kinachoshikanisha nyuzi za mti na kinachobaki kwenye viwanda vya karatasi. Wamejaribu hata viungo vya oili ya moteri. Shida ni kwamba dawa nzuri ndani ya maabara inaweza kushindwa nje. Nyingine zinaungua wakati wa kuchanganya. Nyingine zinalainisha bitumi kupita kiasi, na tairi za makamyo zinachimba mifereji. Na dawa inayofaa bitumi ya petroli moja inaweza kukosa kufaa ya petroli ingine.

Kitu kimoja kimetoka maabara na kufika barabarani kweli, na si kigeni kwa mtu: chokaa iliyozimwa kwa maji, jamaa ya ile inayopakwa kwenye kuta. Tangu mwaka 1976, watafiti wa Laramie, jimbo la Wyoming huko Marekani, walionyesha kwamba inapunguza huko kugumuka. Inashika asidi zilizo ndani ya bitumi, zile ambazo zingeongeza ugumu oksijeni ikiingia. Tena inasaidia bitumi kushikamana na jiwe wakati wa maji, jambo kubwa kwa majimbo yenye mvua kama Kivu na Ituri. Kipimo cha kawaida ni kilo 1 hadi 1.5 kwa kilo 100 za mawe makavu. Ofisi za barabara za majimbo kadhaa ya Marekani zinakadiria kwamba inaongeza miaka 2 hadi 10 kwa maisha ya lami. Lakini isiwe chokaa mbichi: hiyo ikikutana na maji inavimba na kubomoa lami toka ndani.

Huku mashariki swali hili lina bei. Mpango wa Kongo na Uganda uliozinduliwa Juni 2021 ulihusu kilomita 223: Kasindi–Beni, Beni–Butembo, na Bunagana–Rutshuru–Goma. Matengenezo ya barabara za nchi yanategemea FONER, ambayo dereva anailipia kwenye bei ya esanse na kwenye peaje. Kama chokaa haikuandikwa ndani ya mkataba, hakuna kampuni itakayoitia kwa huruma.

Na haiponyeshi kazi mbovu. Lami isiyoshindiliwa vizuri inabaki na vitundu. Hewa ikipita asilimia 8 hivi, oksijeni na maji vinatembea humo sawa nyumbani kwao. Kitu kingine mkaaji anaweza kukiona bila mashine yoyote: kamyo ikileta lami yenye kutoa moshi wa bluu, mchanganyiko umepikwa kupita kiasi, na bitumi yake imezeeka mbele haijamwagwa.